Chombo cha umeme cha mtumba: usiuze bodi, uza betri

Somo la leo ni refu kidogo, lakini soma mpaka mwisho. Mimi nimelilipia kwa pesa yangu mwenyewe, wewe unalipata bure.

Kwa wageni wa ukurasa: mimi nipo Sumbawanga, nauza vyombo vya mtumba mtandaoni. Pikipiki, bajaji, mara moja moja gari, na simu za mkononi mwezi ukiwa mgumu. Sina yadi. Duka langu ni stetasi ya WhatsApp na ukurasa wa Facebook, kama wengi wenu.

Wiki iliyopita kijana mmoja anayefanya biashara ya nafaka aliniandikia inboksi: "Kaka, nimeona lile gari la michezo la umeme la Tesla, zile za mwanzo kabisa. Mtumba wake mpaka unifikie hapa Sumbawanga ni shilingi ngapi?"

Sikumcheka. Swali la mteja halichekwi. Ila kabla ya kumjibu nilikumbuka pikipiki ya Matai, na ndiyo maana naandika somo hili.

PIKIPIKI YA MATAI

Kuna mwaka nilinunua pikipiki ya umeme kwa jamaa aliyekuwa anahama. Ilikuwa nzuri aisee. Rangi safi, tairi bado zina meno, taa zote zinawaka. Akaniambia inaenda kilomita 60 kwa chaji moja. Nikainunua mwezi wa kumi na moja, mvua zikaanza, wateja wakapungua, nikaifungia stoo.

Mwezi wa nne nikaitoa. Nikaifuta vumbi, nikaichaji, taa ya kijani ikawaka. Nikazunguka nayo mtaani dakika tano, nikapiga picha kali, nikaposti: "Pikipiki ya umeme, kilomita 60 kwa chaji moja, haina shida yoyote."

Mzee mmoja wa Matai akanitumia pesa bila hata kuiona. Nikaipakia kwenye Fuso. Nikalala nikiwa na furaha.

Siku ya nne simu ikaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana wangu, chombo chako kimenilaza njiani. Nimekisukuma kutoka shambani. Kimetembea kilomita kumi na nne tu."

Nikaanza kujitetea. Labda hukuichaji vizuri, labda ulibeba mzigo mzito. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza swali moja:

"Kijana wangu, ulikipima hiki chombo, au ulikipiga picha tu?"

Sikuwa na jibu. Zile kilomita 60 nilikuwa nimezikopi kwa aliyeniuzia, na yeye alizikopi kwenye karatasi ya dukani. Hakuna mtu kati yetu aliyewahi kupima.

Nilimrudishia pesa yote na nikalipa usafiri wa kuirudisha. Hiyo hasara niliihesabu na ikaisha. Hasara ambayo haikuisha haraka ni hii: mzee hakunitukana, ila alisimulia kwenye grupu lao, na wateja watatu wa upande ule waliokuwa wameweka oda wakakaa kimya. Sisi wa mtandaoni mteja hatuoni uso, anaona jina. Jina likichafuka, hata ukishusha bei hakuna anayekujibu.

KWA NINI BETRI ILIKUFA STOO?

Hapa ndipo wengi tunapigwa. Tunadhani chombo kisichotumika hakichakai. Kwa chombo cha umeme ni kinyume chake.

Ndani ya betri ya lithiamu kuna kompyuta ndogo inayoilinda. Kompyuta hiyo inakunywa umeme kidogo kidogo hata chombo kikiwa kimezimwa. Ukikiacha miezi mitano bila chaji, betri inashuka mpaka chini ya kiwango inachoweza kuvumilia. Ikishuka hivyo, seli zake zinaharibika ndani kwa ndani. Ukija kuichaji inaweza kukubali na taa ya kijani ikawaka, lakini tumbo lake limeshasinyaa. Inajaa haraka na kuisha haraka.

Kwa hiyo kama una chombo cha umeme kinachosubiri mteja, kihifadhi kikiwa na chaji kama nusu, sehemu kavu yenye ubaridi, na kila mwezi kiangalie na kukiongezea. Usikiache kikiwa tupu, na usikiache kimejaa kabisa kwa miezi. Hilo tu lingeokoa pikipiki yangu.

HATA MATAJIRI YAMEWAKUTA

Sasa turudi kwa kijana wa nafaka na gari lake la ndoto.

Gari lile linaitwa Tesla Roadster. Lilitengenezwa kati ya 2008 na 2012, na yaliyouzwa dunia nzima ni takriban 2,450 tu. Bodi yake ilitokana na gari dogo la michezo la Uingereza, Lotus Elise. Betri yake ilikuwa na seli 6,831, kila moja ndogo kama zile za betri za kompyuta mpakato, na zote pamoja zilibeba kama uniti 53. Ndiyo, uniti, hizi hizi unazonunua za LUKU. Likiwa jipya lilitembea karibu kilomita 390 kwa chaji moja.

Lakini mwaka 2012 habari zilisambaa Marekani kwamba kuna wamiliki walioacha Roadster zao bila kuzichomeka kwenye umeme mpaka betri ikaisha kabisa. Gari likakataa kuwaka. Kubadilisha betri kulitajwa kugharimu kama dola 40,000. Kitabu cha gari kilikuwa kimeonya kwamba lisiachwe bila chaji, ila unajua mwenyewe ni wangapi wanasoma kitabu cha gari.

Mwaka 2023 zikapatikana Roadster tatu za mwaka 2010 huko China, zimekaa ndani ya makontena zaidi ya miaka kumi bila kuendeshwa. Watu wakapanga foleni na mamilioni ya fedha, kwa sababu siku hizi gari lile ni kitu cha kuhifadhi kama kumbukumbu. Sasa fikiria kama mfanyabiashara: kilomita ni karibu sifuri, bodi mpya, viti vipya. Je, betri iliyokaa miaka yote hiyo gizani utamwambia nini mteja kuhusu afya yake?

Umeona? Kwenye gari la petroli, kilomita chache ni sifa. Kwenye gari la umeme, kilomita chache peke yake hazikuambii kitu. Ni pikipiki yangu ya Matai ile ile, imeongezewa sifuri kwenye bei.

Nikamjibu kijana: "Mdogo wangu, hilo ni gari la mtu mwenye mahali pa kulihifadhi, si la kazi. Na nyingi usukani uko kushoto. Wewe unataka gari la umeme la nini hasa?"

Akasema: "Nataka la kwenda Laela mnadani na kurudi. Petroli inanimaliza."

Hapo ndipo biashara ilipoanza.

GARI LA UMEME LINALOWEZA KUFIKA KWETU

Gari la umeme la mtumba ambalo Mtanzania wa kawaida anaweza kulikuta kwenye minada ya Japani kwa bei inayoongeleka ni Nissan Leaf. Lilianza kuuzwa Desemba 2010, usukani upo kulia, na Nairobi zilishaanza kufanya kazi ya teksi tangu 2018. Kwa hiyo si gari la hadithi.

Leaf za mwanzo zina betri ya uniti 24. Likiwa jipya, kipimo rasmi cha Marekani kilikuwa kama kilomita 117 kwa chaji. Kumbuka, hilo ni jipya. Betri zake hazina mfumo wa maji wa kuzipoza, na joto linazizeesha. Mwaka 2012 wamiliki wa Arizona, jimbo la Marekani lenye joto kali, walilalamika kwamba betri zao zinapungua haraka kuliko walivyotarajia.

Pembeni kulia kwa dashibodi ya Leaf kuna mistari midogo 12. Hiyo si ya chaji, ni ya afya ya betri. Mstari wa kwanza ukipotea, betri imepungua uwezo kama asilimia 15. Kila mstari unaofuata ni kama asilimia 6. Kwa hiyo gari lenye mistari 8 limebaki na kama theluthi mbili ya betri.

Tukapiga hesabu na kijana. Theluthi mbili ya kilomita 117 ni kilomita 78. Sumbawanga mpaka Laela kwa barabara ya lami ni kilomita 95. Gari halifiki! Litalala porini, na mzigo wa mahindi ndani yake.

"Na nikitaka kushuka Bonde la Ziwa Rukwa kufuata samaki?"

Kushuka ni rahisi, gari la umeme linajirudishia chaji kiasi kwenye mteremko. Shida ni kurudi. Kutoka bondeni mpaka juu huku kwetu ni kama mita 900 za kupanda. Gari la tani moja na nusu kuinuliwa mita 900 linakula karibu uniti 4 za kupanda tu, kabla hujahesabu umbali, mzigo na upotevu. Kwa betri iliyobakiza uniti 15 au 16, hizo 4 ni nyingi.

Nilimwambia ukweli: kwa safari za mjini, kwenda sokoni, kupeleka watoto shule, Leaf litamfaa, na baridi yetu ya Ufipa ni rafiki wa betri kuliko joto la Dar. Ila baridi ya mwezi wa sita na wa saba asubuhi itamkata kilomita kadhaa, na akiwasha hita atakata nyingine. Kwa Laela, hapana.

Hakununua. Kamisheni yangu ikaondoka. Lakini juzi amenitumia ndugu yake anayetafuta bajaji, na neno alilomwambia ni hili: "Yule jamaa atakwambia hata usichotaka kusikia."

SASA TUJIFUNZE KUPIMA

Hii ndiyo sehemu ya kuhifadhi kwenye simu yako.

1. Soma namba ya betri. Kwenye pikipiki au bajaji utakuta volti na Ah. Zidisha, kisha gawa kwa 1,000. Volti 72 mara Ah 20 ni 1,440, yaani uniti 1.44. Hicho ndicho kilichokuwemo ikiwa mpya.

2. Pima kwa LUKU. Hiki ni kipimo cha maskini na hakidanganyi. Endesha chombo mpaka chaji ikaribie kuisha. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji pia. Andika uniti zilizobaki kwenye mita. Chaji mpaka ijae. Andika tena. Tofauti ndiyo chakula cha betri, ila toa kama asilimia 10 mpaka 15 inayopotea kama joto la chaja. Leaf la uniti 24 likijaa kwa uniti 16 au 17 tu za mita, ujue ni betri ya theluthi mbili, hata dashibodi iseme nini.

3. Endesha mpaka mwisho. Si dakika tano mtaani. Chagua barabara unayoijua urefu wake, jaza chaji, beba mtu mmoja, tembea, andika kilomita. Panda mlima. Betri dhaifu inajificha kwenye tambarare na kujisaliti mlimani, mstari wa chaji unaanguka ghafla.

4. Kwa Leaf, tumia programu ya simu inayoitwa LeafSpy pamoja na kifaa kidogo cha bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani. Kitakuonyesha asilimia ya afya ya betri na hali ya seli zote, jozi 96. Jozi moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, inawavuta wote.

5. Usiiamini mistari 12 peke yake. Kuna wajanja wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, mistari inarudi 12 kama gari jipya, halafu inaanza kuanguka baada ya muda. Gari la 2011 lenye mistari 12 lisikufurahishe, likutie mashaka. Rudi kwenye kipimo cha LUKU na cha barabara.

6. Angalia chaja na soketi. Leaf la Japani linachajiwa kwa waya wake maalumu. Likija bila waya, hesabu hiyo gharama. Kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani betri ya uniti 24 tupu inachukua zaidi ya saa kumi. Mteja aambiwe hivyo mapema, maana umeme nao unakatika. Pia dashibodi yake inakuja kwa Kijapani.

7. Betri iliyovimba, iliyolowa au yenye harufu, usiichaji na usiiuze. Betri ya lithiamu ikishika moto haizimiki kirahisi. Na usichaji betri yoyote ya mtumba chumbani unakolala.

8. Kabla hujaagiza gari, piga hesabu ya kodi kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni. Gari kuukuu lina ushuru wa ziada wa uchakavu. Leaf la bei chee Japani linaweza lisiwe la bei chee likifika bandarini.

BEI UNAIPATAJE?

Ulizia kwanza betri nyingine inapatikana wapi na kwa shilingi ngapi, ikifika ulipo. Kama haipatikani, basi chombo chenye betri iliyochoka thamani yake ni bodi, mota na vipuri. Nunua kwa bei hiyo, usinunue kwa matumaini. Kama inapatikana, toa gharama hiyo kwenye bei ya chombo kizima, ndipo uanze kupatana.

TANGAZO LIANDIKWEJE?

Tangazo langu la zamani ulishalisoma hapo juu. Sasa hivi naandika hivi:

"Pikipiki ya umeme ya mtumba, ipo Sumbawanga mjini. Betri volti 72, Ah 20. Nimeipima Jumamosi: imekula uniti 1.3 za LUKU kutoka tupu mpaka kujaa. Nimeiendesha na abiria mmoja kwenye lami, imefika kilomita 38 ikabaki mstari mmoja. Chaja yake ipo. Kasoro: breki ya nyuma imeisha, taa moja ya pembeni haiwaki. Inafaa kazi za mjini, haifai safari ndefu. Video ya kipimo ipo, omba nikutumie. Njoo uipime mwenyewe, umeme wa kuchajia nalipa mimi."

Mwanzoni niliogopa kuandika kasoro. Nilidhani nitafukuza wateja. Ninaowafukuza ni wale wale ambao wangerudi siku ya nne. Wanaobaki wanakuja wameshaamua, hawabishani sana kwenye bei, kwa sababu ubaya wote wameshausoma.

Na ukiuza, andikishianeni. Karatasi iseme kipimo cha betri siku ya mauzo, kasoro zote, na kadi ya chombo ibadilishwe jina. Karatasi inamlinda mteja na inakulinda wewe.

KWA WANAOUZA SIMU

Usiseme somo hili si lako. Simu nayo ni chombo cha umeme. iPhone inakuonyesha asilimia ya afya ya betri kwenye mipangilio. Piga picha ya hapo, iweke iwe ya kwanza kwenye tangazo, si ya mwisho. Kwa simu nyingine, washa video saa nzima, andika chaji imeshuka asilimia ngapi. Ni kile kile: pima, andika, ndipo uuze.

Yule mzee wa Matai hajawahi kununua kwangu tena, siwezi kuwadanganya. Lakini mwaka huu mtoto wa dada yake alitaka pikipiki niliyoiposti, na mzee akanipigia mwenyewe. Baada ya shikamoo hakuuliza bei. Aliuliza: "Hii umeipima?"

Nikamtumia video ya mita.

ZOEZI LA LEO: chukua tangazo lako moja la kitu cha betri. Futa kila namba uliyoikopi kwa mtu mwingine. Kapime, kisha uandike yako. Ukimaliza andika NIMEPIMA hapo chini, na mshirikishe mwenzako anayeuza mitumba. Tukutane somo lijalo.